Wawili chini ya maji: siku zetu za kujifunza kuzamia kwenye lagoni

JUMATANO JIONI

Tumefika jua linaelekea kuzama na kitu cha kwanza tulichokabidhiwa sio mtungi wala miwani ya kuzamia, ni fomu. Fomu ya afya, maswali ya ndio na hapana tu: una pumu, una kifafa, moyo wako ukoje, ulishawahi kupasuliwa sikio, mapafu yalishawahi kukusumbua, una mimba, unatumia dawa gani. Mwalimu akasimama mbele yetu akasema jamani hapa msioneane haya, ukidanganya kwenye hii karatasi humdanganyi mtu, unajidanganya wewe na mwenzio aliye pembeni yako.

Tulikuwa pea tatu, wote ndo mara ya kwanza. Kwenye pea moja dada akaweka ndio kwenye pumu. Sasa ukijibu ndio sehemu kama hiyo huzamii mpaka daktari akupime na asaini, hakuna cha kubembeleza, na sababu yake ni ya maana kabisa: mtu wa pumu hewa inaweza kunaswa kwenye vinjia vya mapafu, na ukiwa unapanda juu ile hewa inapanuka, ikikosa pa kutokea inapasua. Daktari wa mambo hayo hakuwepo karibu. Mumewe akanuna kama dakika mbili hivi halafu akasema basi na mimi naelea juu na mke wangu. Dada akamwambia nenda bwana usijinyime, jamaa akagoma. Wakapewa miwani na kile kibomba cha kupumulia juu ya maji, na niwaambie ukweli siku zote walizokaa hao wawili waliona vitu vingi kuliko watu walivyodhani, maana nusu ya uzuri wa lagoni upo kwenye mita mbili za juu ambako mwanga haujapotea.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: lagoni ni bahari iliyobaki ndani ya ukuta wa matumbawe. Kule nje mawimbi makubwa yanapiga kwenye mwamba, unaona mstari mweupe wa povu kwa mbali na kuusikia, huku ndani maji yametulia, chini mchanga, kina cha mtu wa kawaida kusimama mpaka mita kumi na kitu. Darwin mwaka 1842 ndo alieleza zile za duara zinavyotokea, kwamba kisiwa cha volkeno kinazama taratibu, matumbawe yaliyokizunguka yanaendelea kujijenga kwenda juu kufuata mwanga, mwisho kisiwa kinapotea inabaki pete na maji katikati. Kwa anayeanza hakuna sehemu nzuri kama hii. Hakuna wimbi la kukutupa, hakuna shimo refu chini yako la kukutisha, na ukiogopa unapanda juu kidogo tu umetokeza.

Mzee wangu, yaani mume wangu, anaogelea vizuri sana, alikulia majini. Mimi naogelea hivo hivo, sizami lakini sisifiwi. Kwahiyo usiku huo alikuwa na maneno mengi, eti usijali nitakushika mkono muda wote. Mwalimu aliyasikia hayo, akacheka tu hakusema kitu.

ALHAMISI

Asubuhi darasa. Nilidhani nitasinzia lakini wapi.

La kwanza alilotusahihisha: kwenye mtungi hamna oksijeni tupu, ni hewa hii hii tunayovuta hapa, asilimia 21 oksijeni na nyingine karibu yote naitrojeni, imechujwa ikashindiliwa. Oksijeni tupu ukishuka nayo kupita mita sita hivi inakuwa sumu kwenye ubongo, unaweza kupata degedege humo humo majini. Mtungi wa kawaida wa alumini una ujazo wa lita 11 hivi, wanaujaza mpaka presha ya bar 200, maana yake umebeba lita kama 2,200 za hewa mgongoni.

Halafu ile regyuleta, kile kitu unachong'ata mdomoni. Kabla yake watu walikuwa wanazama na mabomba yanayosukumiwa hewa toka juu, kofia za shaba, viatu vya risasi. Mwaka 1943 huko Ufaransa Jacques Cousteau na injinia Émile Gagnan wakatengeneza yenye valvu inayokupa hewa pale tu unapovuta, na inakupa kwa presha ile ile ya maji yaliyokuzunguka. Ndo maana hata ukiwa chini unavuta bila kutumia nguvu. Usipovuta haitoki, ukitoa pumzi inatoka mapovu, basi.

Sasa presha. Juu ya maji tunabanwa na bar moja ya hewa. Ukishuka mita 10 inaongezeka bar nyingine nzima, zinakuwa mbili. Ukifika 20 zinakuwa tatu. Hewa iliyofungiwa inabanwa kwa kadri hiyo hiyo, Robert Boyle alishaliandika hilo tangu 1662. Akachora puto ubaoni: ukilijaza juu likashushwa mita 10 linabaki nusu. Haya geuza, ulijaze huko chini kwenye mita 10 halafu ulipandishe, linakuwa mara mbili yake. Sasa hilo puto ni pafu lako. Ndo inakuja sheria ambayo kila baada ya nusu saa alikuwa anatuuliza kwa sauti na tunajibu kwa sauti kama watoto wa madrasa: USIBANE PUMZI. Kamwe. Vuta, toa, vuta, toa, hata ukishangaa, hata ukiogopa, hata regyuleta ikikutoka mdomoni toa vipovu kidogo kidogo huku unaitafuta. Na usidhani hatari iko kwenye kina kirefu, mabadiliko makubwa zaidi ya ujazo yako hapa karibu na juu, mtu anaweza kuumia mapafu kwenye kina cha mita moja na ushee akibana pumzi na kupanda.

Ishara za mikono nazo. Kidole gumba juu huku kwetu maana yake poa, safi, tumeelewana. Kule chini maana yake tupande, mwisho wa safari. Ukitaka kusema poa unaunganisha gumba na shahada unatengeneza duara. Kiganja kinachoyumba yumba maana yake kuna shida, halafu unaonyesha shida iko wapi, sikio, miwani, mguu. Ngumi kifuani hewa imepungua. Mkono unapita shingoni hewa imeisha, na hapo mwenzio anakupa regyuleta yake ya akiba, ile ya njano, kila mtu anayo moja ya ziada ambayo kimsingi sio yake ni ya mwenzie. Hiyo niliipenda.

Mchana tukaingia maji ya kifuani. Wetsuti, ile nguo ya mpira ya kuzamia, imebana, mkanda wa vyuma vya uzito kiunoni maana bila hivyo maji ya chumvi yanakufanya uelee tu juu juu, jaketi la kujaza upepo, mtungi. Nchi kavu huwezi kutembea hatua tatu ukajisikia mwanadamu, ukiingia majini uzito wote unapotea. Tukapiga magoti kwenye mchanga, vichwa vikazama.

Pumzi ya kwanza chini ya maji jamani. Akili inakataa kabisa. Inakwambia wewe hapa ni majini funga mdomo, na kifua kinataka kufunga kweli, unakilazimisha kuvuta na hewa inakuja, kavu, baridi kidogo, ina sauti kubwa ya kukoroma. Ukishavuta kama mara sita hivi akili inasalimu amri.

Tukafanya mazoezi: kuitoa regyuleta na kuirudisha, kuipoteza nyuma ya bega na kuitafuta kwa kuzungusha mkono, kuijaza miwani maji na kuyatoa. Hili la mwisho ndo linakimbiza watu wengi. Unaachia maji yaingie mpaka nusu, unabonyeza fremu ya juu kwenye paji, unaangalia juu kidogo, unatoa pumzi kwa PUA na maji yanatokea chini. Siri ni kwamba ukiwa na regyuleta mdomoni haikuhusu kama pua iko majini, ila pua ikigusa maji inataka kuvuta. Ile ya kuvua miwani kabisa mwalimu akanishikia bega, nikafumba macho, nikahesabu pumzi, nikairudisha. Sikuifurahia na sitaki kudanganya mtu.

Mzee wangu yeye shida ikawa masharubu. Mpira wa miwani hauwezi kukaza juu ya nywele, maji yanapenya kila sekunde, akawa anayatoa anayatoa, akatoka pale macho mekundu. Kapakwa jeli ya mafuta chini ya pua ikasaidia. Mwalimu kamwambia ukitaka kulala na amani punguza hapo juu ya mdomo, akajibu bora nife. Usiku nikasikia wembe bafuni. Sikuuliza.

IJUMAA

Ratiba haipangwi na saa inapangwa na maji. Lagoni ina mlango, mahali ambapo mwamba umekatika, maji yakijaa bahari ya nje inaingia kupitia hapo ikiwa safi na ya buluu unaona mbali, yakipwa yote yanataka kutoka kwa mlango ule ule mmoja yakiwa yamebeba mchanga na takataka, na mkondo wake ukikukamata unakwenda nao nje. Kwahiyo wanaoanza wanapelekwa maji yakijaa, mbali na mlango. Na ilikuwa ni mwezi wa nusu, maji mafu, sio bamvua, mkondo ulikuwa mpole. Ukiwa unapanga safari kama hii na una uhuru wa tarehe angalia mwezi kabla ya kuangalia bei ya tiketi, hilo ni langu mimi sio la mwalimu.

Juu ya boti tukakaguana. Hii inafanywa wawili wawili, unamkagua mwenzio na yeye anakukagua: jaketi linajaa na kutoa upepo? vyuma vimefungwa kwa upande gani nikihitaji kuviachia? vifungo vyote viko wapi? mtungi umefunguliwa, vuta pumzi tatu huku unaangalia geji ya hewa, sindano isicheze. Nilimvuta vuta mikanda mume wangu kama namvisha mtoto wa shule sare, akaona aibu kidogo lakini akatulia. Miwani tukaitemea mate, tukasugua, tukasuuza. Ndio, mate. Yanazuia ukungu na hakuna aliyetuuzia kitu bora zaidi.

Unakaa ukingoni, mkono mmoja unabana miwani na regyuleta, unajiachia kinyumenyume. Dunia inapinduka, mapovu, halafu unajikuta unaelea. Duara la vidole. Poa. Poa. Tukaanza kushuka kwenye kamba.

Na hapa ndo nilitaka kufika.

Sikio. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa, ukishuka presha inaisukuma ngoma ndani, kwahiyo unabana pua na kusukuma pumzi taratibu mpaka usikie vile vimlio, hewa imepita kutokea kooni kwenda kusawazisha. Unafanya hivyo mapema, kabla ya maumivu, karibu kila nusu mita pale mwanzoni, kwasababu mita za mwanzo ndizo kali. Ukichelewa kile kinjia kinajifunga chenyewe na hata usukume vipi hakifunguki, na kusukuma kwa nguvu unaweza kujiumiza kabisa. Mimi yangu yalifunguka kama mlango wa baraza. Nikashuka mita mbili, tatu, poa kabisa. Nikageuka kumtafuta mwogeleaji wangu, hayupo. Yuko juu yangu mita moja hivi amening'inia kwenye kamba, kidole kinaonyesha sikio, kiganja kinayumba.

Mwalimu akamwonyesha panda kidogo. Akapanda. Jaribu tena. Wapi. Akapanda tena, akatingisha taya, akameza mate, akainamisha kichwa upande, akajaribu. Na mimi mwalimu akanionyesha kiganja: baki hapo hapo. Yaani nilikaa nimeshika kamba mchanga nauona pale chini, samaki wanapita, na siruhusiwi kushuka hata nusu mita, mpaka sikio la mtu mwingine likubali. Mwanzo nilikereka, sifichi. Kisha nikaona macho yake ndani ya ile miwani. Huyu mtu nimekaa naye miaka na sijawahi kumuona akisubiriwa, siku zote ni yeye yuko mbele anasubiri watu na kuangalia saa. Nikapanda ile mita nikawa usawa wake. Sikumfanyia ishara yoyote, nilikaa tu. Jaribio lililofuata likafunguka, niliona mabega yakishuka.

Mwalimu baadae alitwambia mkiwa wawili majini sikio linaloshusha wote ni lile lililo zito, hewa inayowapandisha wote ni ile inayokwisha mapema, na uoga unaoamua ni wa yule anayeogopa zaidi. Mmoja akionyesha gumba juu wote mnapanda, hakuna swali kwa nini, hakuna kulaumiana kwenye boti. Hiyo ndo kanuni na nadhani ndo sababu baadhi ya wapenzi wakitoka kuzamia wanapendana zaidi na wengine wanarudi kila mtu kakaa siti yake.

Chini sasa. Mita sita, mchanga mweupe, vichuguu vya matumbawe vimesimama huku na huku. Kila kitu kinaonekana kikubwa zaidi kwa kama theluthi na kiko karibu kwa kama robo, sababu ya mwanga kupinda ukitoka majini kuingia kwenye hewa ya miwani, ndo maana unanyoosha mkono kushika kamba unakosa. Na sio kimya kama watu wanavyosimulia! Kuna makelele. Mapovu yako, halafu kuna mlio wa kukwaruza kukwaruza, krr krr, unageuka kushoto hakuna, kulia hakuna. Sauti inasafiri majini zaidi ya mara nne ya kwenye hewa, karibu mita 1,500 kwa sekunde, inafika masikio yote mawili karibu pamoja hujui imetoka wapi. Alikuwa ni pono. Samaki wa kijani na buluu mwenye mdomo wa kasuku, anaguguna mwamba anasaga na kumeza, halafu mbele ya macho yetu akatoa nyuma wingu la mchanga mweupe. Mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Sehemu kubwa ya ule mchanga tuliopigia magoti jana na kujipiga nao picha ilishapita tumboni mwa hawa. Na mnajua ule usingizi wa pono tunaosimangana nao, ni wa kweli, wako wa jamii hiyo ambao usiku wanajifunika mfuko wa kamasi wakalala humo mpaka asubuhi.

Kwenye kichuguu cha tatu palikuwa na anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua, na ndani yake wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao kila mtoto anawajua. Wote huzaliwa madume. Ndani ya nyumba moja mkubwa kuliko wote ni jike na ndiye bosi, anayemfuata ndiye mume, wengine wadogo wanasubiri foleni. Jike akifa yule mume anageuka kuwa jike na wa kwenye foleni anapanda cheo. Mwalimu alitusimulia hii kwenye boti kabla hatujashuka, kwahiyo pale chini yule jike alipotoka kunikabili, kidude cha urefu wa kidole kinatishia mtu mwenye mtungi, mume wangu akaninyooshea kidole mimi, akamnyooshea yule samaki, akainamisha kichwa kwa heshima. Ukicheka na regyuleta mdomoni maji yanaingia kwenye miwani, sasa najua.

Mwalimu anauliza hewa kila baada ya muda. Mimi bar 130. Mzee 90. Yeye misuli mikubwa, anavuta nyingi, na alikuwa anapiga mikono kama yuko kwenye mashindano, kitu ambacho majini kinakula hewa bure. Kwenye kina hicho kila pumzi inabeba hewa karibu mara moja na nusu ya juu, ukienda mita 10 mara mbili. Anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, huko chini anatumia 40. Kwahiyo tukageuka kwa hewa yake. Tukapanda taratibu, tukasimama kwenye mita tano dakika tatu tumeshika kamba kupumzisha miili itoe naitrojeni, juu tukatokeza na zaidi ya bar 50 mtungini kama ilivyotakiwa.

Neno lake la kwanza baada ya kutoa regyuleta: "Mke wangu, mbona wewe hewa yako haiishi?"

JUMAMOSI

Mara hii hatukushikana mikono. Kwenye picha inapendeza lakini mimi naona ni usumbufu mtupu, mkono mmoja wa kubania pua, mwingine wa kutoa upepo kwenye jaketi, ukimpa mtu mmoja umebaki na nini? Mkae bega kwa bega, macho yaonane kila pumzi chache, inatosha. Pea ya tatu walishikana toka mwanzo mpaka mwisho, mmoja akishuka anamvuta mwingine, wakawa wanapanda na kushuka, jamaa akachanganyikiwa akamjibu mwalimu kwa gumba juu akimaanisha poa, basi wakapandishwa wote wawili. Gumba ni gumba. Kwenye boti dada hakumsemesha mpaka tunafika.

Na jambo jingine, usimfundishe mwenzi wako chini ya maji. Mzee wangu jana yake alikuwa ananionyesha kidole mapezi yangu ya miguuni, magoti yako umekunja, nyoosha, piga taratibu. Mwalimu akamshika mkono akamwonyesha kifua chake mwenyewe: mwalimu ni mimi. Leo alitulia na hewa yake ikakaa zaidi, sidhani ni bahati.

Leo mita 11, upande ulio karibu na mlango ila sio mlangoni. Kwa wasio na cheti wanaofuatana na mwalimu, PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, wameweka kikomo cha mita 12, na mwalimu asiwe na zaidi ya watu wanne. Ukimaliza kozi kamili ya kwanza ndo unaruhusiwa 18. Huku chini nyekundu inakufa. Mapezi yangu ni mekundu kabisa nchi kavu, huku yalikuwa ya kahawia iliyopauka, maji yanakula nyekundu kwenye mita za mwanzo kabisa, buluu ndo inafika mbali. Mwalimu akawasha tochi kwenye tumbawe moja ambalo mimi niliona ni la kijivu, likawaka jekundu kama limepakwa rangi dakika hiyo hiyo, akazima likarudi kuwa kijivu.

Huku ndo niliposhika kidogo ile ya kuelea katikati. Huzami hupandi. Ukivuta pumzi kubwa mwili unapanda kidogo, ukitoa unashuka, lakini inachelewa sekunde mbili tatu, kwahiyo anayeanza anasahihisha mapema mno anaishia kuyumba. Ukiacha kuhangaika inakuja. Na sio mbwembwe, pale chini kuna matumbawe mengine yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, bonge la ukubwa wa meza lina umri wa babu wa babu yako, pezi moja likigonga umevunja miaka. Kuna eneo tulipita limekufa limebaki jeupe na kijani cha mwani. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa matumbawe yanafukuza vile vimwani vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yanapauka, joto lisipopungua yanakufa njaa. Mwaka 1998 ilitokea karibu dunia nzima kwa mpigo. Kuhusu mafuta ya jua tulishaambiwa vaa shati la mikono mirefu, mafuta mengine yana kemikali zinazodhuru matumbawe, Palau walizipiga marufuku 2020 na Hawaii wakafuata 2021.

Kisha kasa. Alikuwa amelala chini ya kijipango, tukapita kwa mbali, akaamka mwenyewe akaanza kupanda. Mwalimu alitandaza mikono kutuzuia tusimfuate, kasa anapumua hewa kama sisi, akiamka anakwenda juu kuvuta, ukimkimbiza unamkatisha pumzi yake. Tukabaki tumeelea mita 9 hivi tunamwangalia anavyopanda kwenye mwanga. Nikageuka kumuangalia mume wangu, na yeye alikuwa amegeuka kuniangalia mimi, tukabaki tunaangaliana kama wajinga na kasa akaondoka bila kuagwa. Taa wawili tuliwaona wakati wa kurudi, wamejifukia mchangani yamebaki macho, ndo maana ukitembea maji madogo unaburuza miguu usikanyage.

Hewa: yeye 80 mimi 110. Tofauti imepungua. Tukageuka kwa ya kwake tena na wala hakuna aliyekereka.

Halafu baridi. Maji ya nyuzi 28 na nilitoka natetemeka, maji yanakunyang'anya joto kama mara 25 ya hewa. Msidharau wetsuti eti kwasababu ni nchi ya joto.

JUMAPILI

Leo hakuna kuzamia. Ndege ni kesho asubuhi, na mtu aliyezamia mara zaidi ya moja anatakiwa akae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa aliyezamia mara moja tu ni 12. Ile naitrojeni iliyoingia mwilini bado inatoka, ukienda juu ambako presha ya hewa imeshuka inaweza kutoa vipovu ndani ya damu na viungo. Mlima mrefu nao ni hivo hivo. Kuna kaka alikuja ofisini asubuhi anataka azamie saa tatu apande ndege jioni, mwalimu alimkatalia huku anatabasamu, jamaa akasema atatafuta wengine. Kama kuna wengine wanaokubali basi hao ndo wa kuwakimbia.

Tumeosha vifaa maji baridi, tumeanika. Sikio la mzee lina maji maji bado, akiinama analisikia, akaambiwa asichokonoe liache likauke, likiuma aende kwa daktari. Ile pea ya pumu wamepata miadi ya vipimo kwao, wanataka warudi wakiwa na saini.

Jioni tumejaza vile vitabu vya kumbukumbu za kuzamia, kila mtu na chake, kina, muda, hewa uliyoanza nayo na uliyobakiza nayo, ulichokiona. Mzee kaandika kwa kalamu nzito kasa wawili. Kasa alikuwa mmoja. Nimemwambia, anasema wa pili alimuona wakati mimi nahangaika na miwani yangu, na mwalimu alipoulizwa kasema yeye hapo alikuwa anaangalia geji zetu. Kozi kamili tumeamua tuifanye pamoja, ina masomo ya kusoma na mitihani ya maandishi, na hapo kwenye kuogelea mita 200 bila kusimama mimi ndo nitakuwa wa kusubiriwa. Ameshaanza kunipangia ratiba ya mazoezi, saa kumi na mbili asubuhi kila siku. Nimempandishia gumba.